Zamzam na Kidonge cha Adhuhuri

Zamzam binti Abdulmajid bin Sadalla bin Shomari. Shomari alichimba kisima Gerezani kwa mikono yake, watu wakachota hapo kabla bomba halijafika. Sadalla, mwanawe, alishika bendera stesheni ya reli miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna gari moshi lililokosea njia kwa sababu yake. Abdulmajid wa Sadalla, kaka yangu mimi, alikuwa fundi saa. Kutwa kioo jichoni, akishika vinati vidogo kuliko punje ya ufuta, wala hakupoteza hata kimoja. Mimi ni Zena, dada yake. Nilisoma mpaka darasa la nne nikaolewa, lakini nilichosoma sijakisahau, na kushona nimeshona miaka arobaini. Nimevisha maharusi wa Kariakoo hii kabla nusu ya hawa wanaojiita mafundi hawajazaliwa.

Hiyo ndiyo damu aliyotoka Zamzam. Naitaja kwanza ili ieleweke tulivyohangaika. Katika ukoo wa watu wa kuangalia tulipata mtoto asiyeangalia.

Utundu hakuwa nao, na hilo ndilo lililotuchanganya. Mtoto mtundu unamjua, unamfunga kamba za maneno anatulia. Zamzam alikuwa ametulia tayari. Ukimsemesha anakutazama usoni, anaitika, "Naam, shangazi," nawe unaondoka ukijua umesikiwa. Unamtuma chumvi, anarudi baada ya saa nzima mkono mtupu anakuuliza alitumwa nini. Siku moja alikwenda bombani, akajaza ndoo yetu, akaiacha pale pale akarudi na ndoo tupu ya watu. Na maziwa! Unamweka mbele ya jiko ayatazame yasifurike. Anayatazama kweli, macho yake yako juu ya sufuria, na maziwa yanafurika mbele ya macho hayo hayo.

Tulimpiga. Siandiki uongo. Kaka yangu alimpiga kwa huruma, mimi nilimpiga kwa nguvu. Tukamsomea, akanywa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa sahanini, asubuhi arobaini. Mama mmoja wa Buguruni akasema ana jini, na jini anataka jogoo mweusi. Jogoo alikwenda, jini akabaki. Mtihani wa darasa la saba alisahau kuandika namba yake. Mwalimu akatuombea arudie mwaka, kwa kuwa alisema kichwa anacho. Mara ya pili namba aliiandika, ila karatasi hakuigeuza. Maswali yote ya upande wa nyuma yakabaki vile vile. Kaka yangu aliposikia alivua kile kioo chake cha jichoni, akakilaza juu ya meza.

Akaolewa Magomeni. Baada ya miaka mitatu mume alimrudisha. Hakuja na maneno mengi. Alileta sufuria tatu zilizoungua chini akazipanga barazani kwetu, mtaa mzima ukipita, kama shahidi anavyoweka vitu mbele ya hakimu.

Basi nikamchukua mimi. Wakati huo nilikuwa nashona barazani kwa Harilal, Mtaa wa Uhuru, duka la vitambaa alilorithi kwa babaye. Nikamkalisha Zamzam kwenye cherehani ya pili. Na hapa lazima niseme haki: mikono anayo. Darizi ya shingo ya kanzu, ile ya uzi wa hariri, anaitia mpaka mtu anayepita anasimama. Mimi mwenyewe siwezi kushindana naye, na si kawaida yangu kusema hivyo. Lakini anaanza tano anamaliza moja. Anashona hii, anakumbuka ile, anainuka kutafuta mkasi, anakuta kifungo, anakaa na kifungo. Nyuma yake kanzu zinaning'inia bila mikono.

Enzi za foleni hakuna aliyegundua. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kibali. Mtu akileta jora lake alingoja miezi sita kanzu yake, na lawama alizitupia serikali, si Zamzam. Halafu ikaja ruksa. Milango ikafunguliwa, makontena yakaja, mitumba ikaja, majora yakajaa kwa Harilal mpaka darini. Wateja nao wakabadilika. "Nataka Ijumaa." Ijumaa inafika, kanzu haina shingo. Mteja anavuka barabara tu, anainunua imeshashonwa, imetoka Dubai, imo ndani ya nailoni. Biashara huria iliwafungulia wengi maduka. Zamzam ilimfungulia aibu.

Harilal alivumilia. Mtu mwingine angetufukuza sote wawili. Ila kila mwezi alinivuta pembeni, "Bi Zena, huyu mtoto wako vipi?" Mtoto ana miaka thelathini na saba.

Harilal alikuwa na binti, Sejal, aliyesomea udaktari wa akili ng'ambo akarudi kufungua chumba cha matibabu. Asubuhi alikuwa anakaa dukani kumngoja dereva, na macho yake hayabanduki kwa Zamzam. Siku moja akaja kwenye cherehani yangu.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mama. Baba kakutuma?"

"Hapana. Nataka kukuuliza habari za Zamzam. Alipokuwa mdogo alikuwaje?"

"Alikuwa hivi hivi."

"Hivi vipi?"

"Anakaa hapa, lakini hayupo."

Akavuta kiti. Aliniuliza maswali mpaka dereva akapiga honi akachoka. Wiki ile akamwita Zamzam kwake, akampima damu, akampima masikio, akamuuliza naye peke yake. Halafu akatuita wote wawili.

"Ni ugonjwa wa umakini," akasema. "Kuna watoto wanaoupata wakawa wanarukaruka, hao kila mtu anawaona. Kuna wengine, wasichana hasa, hawaruki. Wanapotelea ndani kwa ndani. Akili yake ni nzima, Bi Zena. Kuielekeza mahali pamoja na kuishikilia hapo, ndiko kunakomshinda."

Nikamwambia, "Daktari, siku hizi hata uvivu una jina?"

"Mvivu hakai kwenye cherehani kwa saa kumi na mbili."

"Na una kidonge pia?"

"Kipo."

Nilimtazama Zamzam nikidhani atakuwa analia. Alikuwa anatabasamu. Miaka yote ile sikupata kumwona anatabasamu akiwa anazungumzwa yeye.

Kidonge chenyewe hakikuwa rafuni katika duka lolote la dawa. Kilitakiwa kuagizwa nje kwa karatasi maalumu yenye mihuri, kwa sababu ni dawa ya kuangaliwa, si ya kugawana. Tulingoja wiki kumi. Mtaa wa Kongo una manukato ya Dubai aina mia, una saa zinazoimba, una wanasesere wanaotembea, na kidonge kimoja cha mtu kukumbuka tunangojea muhuri! Kila Jumatatu niliuliza, kila Jumatatu nikajibiwa "bado".

Kikaja. Akaanza na nusu, asubuhi baada ya chai. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Nikasema, nilijua, jogoo wa pili huyu. Sejal akampima mapigo ya moyo, akampima presha, akaongeza kidogo, na kingine cha adhuhuri.

Jumatano moja Zamzam akakaa, akamaliza kanzu. Akakata uzi, akaipiga pasi, akaitundika. Akachukua nyingine. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho nikingoja ainuke. Hakuinuka. Saa nane mchana alikuwa na tatu zimening'inia na mikono yake, shingo zake na vifungo vyake. Akanigeukia.

"Shangazi, nyie siku zote mnasikia sauti moja moja?"

"Wewe unasikiaje?"

"Zote kwa pamoja. Cherehani, redio, muuza maji, na wewe."

Nilijifanya natafuta mkasi.

Msidhani iliishia hapo kwa furaha. Hamu ya chakula ilimtoka. Mimi napika, yeye anakizungusha tu chakula kwenye sahani. Kichwa kinamuuma. Jioni dawa ikiisha nguvu anakuwa mkali, ukimwambia neno anakuruka. Sejal akampangia ale vizuri kabla ya kumeza, na kipimo akakirekebisha. Nikatulia. Chupa ya kwanza ilipokwisha nikachinja kuku, nikawaambia majirani Zamzam amepona.

Mimi nilijua dozi. Sisi tumekunywa klorokwini, tumekunywa dawa za minyoo: unamaliza dozi, umepona, unamshukuru Mungu. Sikumkumbusha kwenda kuchukua chupa nyingine, naye mwenyewe, ni nani wa kumkumbusha? Siku ya nne alishona mkono wa kanzu kwenye shingo. Nikapanda ngazi kwa Sejal nahema.

"Dawa yako haikufanya kazi! Kaimaliza yote, na bado."

"Haimalizwi, Bi Zena. Ikiwa mwilini inamsaidia, ikitoka basi."

"Mpaka lini?"

"Pengine miaka."

"Dawa gani ya miaka?"

"Ile yako ya presha," akasema, "uliimaliza lini?"

Nilishuka ngazi bila kumuaga.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa elfu mbili na mbili, mwezi wa Shaabani, Harilal alituita sote wawili ndani.

"Kuna familia Upanga inataka kanzu thelathini za darizi, wazee na watoto, wavae Idi. Zamzam akizitoa kwa wakati, meza ya kukatia ni yake, na kanzu za duka hili zitashonwa hapa hapa. Asipozitoa, dada yangu, nitaleta za Dubai kama wenzangu. Baraza nitaiwekea majora."

Zamzam akasema atazitoa. Akaanza. Wiki mbili za Shaabani akakata saba, akazimaliza saba. Kisha mwezi ukaandama.

Kidonge kile kinafanya kazi kwa muda wa saa nne, basi. Siku za kawaida alikuwa anameza saa mbili asubuhi, anameza tena adhuhuri. Ramadhani anameza lini? Akameza daku. Ikifika saa tatu asubuhi, wenzake ndiyo kwanza wanafungua maduka, dawa yake imekwisha nguvu. Akajaribu kuimeza kwenye futari. Usingizi ukamkimbia, akaja kazini macho mekundu, dawa hana na usingizi hana. Na Ramadhani kwetu mafundi si mwezi wa kupumzika. Ndiyo mavuno yenyewe.

Siku ya sita ya mwezi akakata kwa mkupuo. Kila mwenye kushona anajua kwamba kanzu inapasuliwa kifuani tu. Unaitandika, unautenga mgongo, halafu ndiyo unapasua kifua. Zamzam hakuutenga mgongo. Alipitisha mkasi nguo sita, mbele na nyuma. Fatuma, anayeuza vifungo na uzi pembeni ya baraza letu, akainyanyua moja juu watu waione.

"Hizi za kuswalia, Zamzam, au za kupunga upepo?"

Baraza zima likacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kitambaa cha mwenye duka kimeharibika, siku zinakwenda, na mtoto wa Abdulmajid anachekwa na muuza vifungo.

Akaenda kwa Sejal. Sejal akasema, "Katika funga yenu mimi sina neno. Ninachojua ni saa nne za dawa." Basi akamwendea maalim wa mtaani kwetu. Nilifuatana naye, na sifichi, nilikwenda nimsikie akikataliwa.

Maalim alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Ugonjwa huu unakuzuia nini?"

Nilidhani atasema kanzu. Akasema, "Sala. Sijui nimeswali rakaa ngapi. Kila sala nasujudu sijida ya kusahau. Tangu nibaleghe, maalim. Nikiwa na dawa, najua hii ni ya tatu."

Maalim akainamisha kichwa. "Daktari wako ni mwaminifu?"

Nikadakia mimi: "Ni Muhindi."

"Sikuuliza kabila, Bi Zena."

"Ni mwaminifu," Zamzam akasema.

"Basi wewe ni mgonjwa. Kunywa dawa yako. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe hauna mwisho unaojulikana, kila siku moja lisha maskini mmoja."

Njiani nilitangulia mbele. Tulipofika nyumbani nikasema lote. Nikamwambia katika nyumba hii ya Sadalla hajapata kula mtu mchana wa Ramadhani akiwa anatembea kwa miguu yake. Mgonjwa ni aliyelala. Mgonjwa ni anayetapika. Maalim ni kijana, na vijana wanaona haya kukataa.

"Ningevunjika mguu," akasema, "uji ungenikorogea mwenyewe."

"Mguu ungeuona kila mtu!"

"Ndiyo hilo, shangazi."

Akaingia chumbani. Kesho yake saa mbili asubuhi alikunywa chai na mkate stoo kwa Harilal, nyuma ya majora, akameza kidonge chake. Hakuniomba ruhusa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiamua jambo akalifanya siku hiyo hiyo.

Barazani siri haikai. Siku ya nane Fatuma akapaza sauti ili mpaka wa ng'ambo ya barabara wasikie: "Jamani, Zamzam yuko kwenye siku zake wiki ya pili hii! Mpelekeni hospitali!"

Wanawake wakaangua kicheko. Zamzam hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nimeshapelekwa, dada Fatuma. Dawa ndiyo hiyo ninayokunywa."

Mimi sikumtetea. Niliinamia kanzu yangu kama sijasikia. Na kwa hilo ninajikasirikia mpaka leo, kuliko fimbo zote nilizompiga.

Sasa sikilizeni upuuzi wa tiba hii. Asubuhi alikuwa anakumbuka, kwa kuwa kuna chai. Ile ya adhuhuri siku za kawaida alikumbushwa na chakula cha mchana; Ramadhani barazani hakuna anayepakua, akawa anaisahau! Mtu asiyekumbuka amepewa dawa ambayo lazima aikumbuke. Ni nani aliyeipanga hivi? Kama usingekuwa na ugonjwa ungeinywa kwa wakati, na kama usingekuwa na ugonjwa usingeihitaji. Sejal akampa saa ya mezani ya kulia. Saa ililia, Zamzam akainyamazisha kwa kidole huku anashona, wala hakujua kama ameinyamazisha. Binti wa fundi saa! Ikifika saa nane kanzu zinaanza tena kuning'inia nusu nusu. Siku ya kumi na sita tulihesabu: kumi na nne zimetoka, kumi na sita bado, na zile sita zilizopasuliwa migongo, za kukatwa upya, zimo katika hizo kumi na sita.

Nitangulie kusema, msikae roho juu: zilitoka. Ya thelathini aliitia kifungo cha mwisho siku ya ishirini na tisa, wakati vijana wameshapanda juu ya paa kuutazama mwezi. Meza ya kukatia leo ni yake. Harilal alileta za Dubai pia, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, lakini anayetaka kanzu ya bwana harusi anaelekezwa kwa Zamzam. Dawa bado inachelewa bandarini, bado tunangoja mihuri, na ikikatika wiki mbili anarudi kule kule alikotoka, na mimi narudi kupiga kelele. Hajapona. Nimeacha kuliulizia hilo neno.

Lakini kanzu zile zisingetoka kama si siku ile ya kumi na sita. Tulikwisha kuzihesabu. Mimi nimekaa, midomo imekauka kwa funga, nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani. Zamzam akainuka kwenye cherehani yake, akaja mbele yangu, mbele ya Fatuma na baraza zima. Akanishikisha ile chupa ya dawa mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto kitu asikiangushe.

"Shangazi, kuanzia leo hii inakaa kwako. Adhuhuri ikiadhiniwa, kabla hujaenda kutawadha, nichotee maji uniletee na kimoja. Usiniambie 'kunywa' ukaondoka. Ukiondoka nitakiweka juu ya meza na nitakisahau. Simama hapo hapo mpaka uone nimemeza."

"Mimi nimefunga, Zamzam. Nikuchotee maji mchana, watu wananitazama?"

"Ndiyo, wewe. Na dada Fatuma akisema neno, mjibu wewe. Mimi nitakuwa nashona."